UZI MAALUMU: Sir Ralph Hopton, mbunge wa Somerset aliyempigania mfalme kwa hati kwanza, baruti baadaye

Kalamu ya Magharibi (mleta uzi)

Wakuu, nyuzi za Cromwell na kukatwa kichwa kwa Charles I zimejaa kila mahali. Upande wa waliosimama na mfalme huishia kwenye picha moja tu: vijana wa nywele ndefu, kofia za manyoya, pombe na kiburi. Picha hiyo inamwacha nje mtu ninayeamini ndiye anayeieleza vizuri kuliko wengi vita ile ya miaka ya 1640 kati ya mfalme wa Uingereza, Charles I, na Bunge lake, Sir Ralph Hopton.

Alizaliwa mwaka 1596 katika ukoo wa mabwana wa mashamba wa Witham Friary, kaunti ya Somerset. Pale Witham palikuwa na nyumba ya watawa ya kwanza ya Wakartusi nchini Uingereza. Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa miaka ya 1530, ardhi zao zikaangukia mikononi mwa familia za aina hii. Kwa hiyo utajiri wa Hopton ulitokana na Taji, yaani ufalme, na ulilindwa na sheria za Taji. Hilo tuliweke akilini.

Alisoma Lincoln College, Oxford, kisha mwaka 1620 akaenda vitani Ulaya ya kati kumtetea Elizabeth, dada yake Charles, aliyekuwa malkia wa Bohemia. Jeshi la Bohemia liliposambaratishwa nje ya Prague Novemba mwaka huo, malkia akiwa mjamzito alilazimika kukimbia kwenye baridi. Simulizi ya familia inasema sehemu ya safari aliketi nyuma ya Hopton juu ya farasi. Katika msafara uleule alikuwamo kijana mwingine wa Kiingereza, William Waller. Shikeni jina hilo.

Aliketi bungeni kwa Shaftesbury 1621, Bath 1625, Wells 1628, Somerset yenyewe kwenye Bunge Fupi la Aprili 1640, na Wells tena kwenye Bunge Refu lililoanza Novemba mwaka huohuo. Charles alipotawazwa mwaka 1626, Hopton alikuwa miongoni mwa waliopewa cheo cha heshima cha Sir siku zile.

Hoja yangu ni hii: Hopton hakuwa chawa wa mfalme. Utiifu wake ulikuwa wa kisheria. Kila hatua alitaka hati kwanza, na alipoipata hakurudi nyuma hata alipojua anashindwa. Karibuni tuichambue.

BintiMakorora

Uzi mzuri. Kabla hatujafika vitani, tueleze huyu mtu aliufikiaje ubunge, maana msomaji wa leo atafikiria kampeni na vyama.

Vyama havikuwapo. Kila kaunti ilipeleka wabunge wawili. Mpiga kura wa kaunti alikuwa mwanamume mwenye ardhi yake huru inayompa angalau shilingi 40 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1430. Kufikia karne ya 17 shilingi 40 zilikuwa zimepungua thamani sana, kwa hiyo wapiga kura waliongezeka wenyewe bila sheria kubadilishwa. Miji kama Wells ilikuwa na utaratibu wake: waliopiga kura ni wenyeji walioandikishwa na mji.

Ushindani wa wazi ulionekana kama aibu. Familia kubwa zilikaa pamoja kabla ya siku yenyewe na kukubaliana nani aende. Sherifu alisoma hati ya mfalme ya kuitisha uchaguzi, watu wakapaza sauti kwa jina wanalolitaka, na kama sauti zilikaribiana ndipo waliposimamishwa makundi na kuhesabiwa. Kwa hiyo kuchaguliwa mara tano, kaunti na miji tofauti, maana yake ni kwamba majirani zake wenye ardhi walimwamini.

Halafu jina tunalowaitia wabunge hawa wa kuchaguliwa, "Baraza la Makabwela", linapotosha. Waliokaa mle karibu wote walikuwa watu wa mashamba, wanasheria na wafanyabiashara wakubwa. Hawakuwa malodi, lakini makabwela hawakuwa.

Mzee Karani

Nyongeza juu ya kazi zake za nyumbani, kwa sababu ndiko ulikojengwa msimamo wake. Bwana wa mashamba wa daraja lake hakulipwa mshahara na serikali. Alikuwa hakimu wa amani, akikaa barazani mara nne kwa mwaka kusikiliza kesi, kukagua madaraja, kugawa kodi ya maskini. Hopton alikuwa pia naibu wa lodi aliyesimamia mgambo wa kaunti: kukagua silaha, kuhakikisha kila mwenye mali kiasi fulani analeta bunduki au mkuki au farasi, kuwafanyisha gwaride wakati wa kiangazi.

Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na tano anazijua hati. Anajua amri ipi ina muhuri na ipi haina. Bunge lilipotoa Amri ya Mgambo, ya kuuchukua mgambo mikononi mwake, tarehe 5 Machi 1642 bila sahihi ya mfalme, kwa wengine ilikuwa siasa. Kwa naibu wa lodi ilikuwa amri isiyo na muhuri.

Msafiri_Kigoma

Mleta uzi, naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba Hopton huyuhuyu alipiga kura Strafford auawe, na ndiye aliyempelekea mfalme waraka wa malalamiko. Sasa uaminifu kwa Taji uko wapi?

Kalamu ya Magharibi

Mkuu, umegusa penyewe. Ni kweli yote mawili.

Aprili 1641 Baraza lilipitisha sheria ya kumhukumu Strafford, waziri mkubwa wa mfalme, kwa kura 204 dhidi ya 59. Hopton alikuwa upande wa 204. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Waraka Mkuu wa Malalamiko ulipita kwa kura 159 dhidi ya 148, usiku wa manane, watu wakikaribia kuchomoa panga. Tarehe 1 Desemba ujumbe ulikwenda Hampton Court na Hopton ndiye aliyepiga magoti mbele ya Charles akaanza kuusoma. Mfalme hakumwacha aendelee akiwa magotini, akamwinua.

Angalieni tofauti ya hizo kura mbili. Mwezi Aprili wapinzani 59 tu. Novemba wapinzani 148. Katikati hapo ndipo chama cha mfalme kilipozaliwa bungeni, na kilizaliwa na watu waliokwisha kupata walichokitaka: kodi ya meli (mfalme aliitoza bila idhini ya Bunge) imefutwa, mahakama za dharura zimefungwa, mawaziri wabaya wameondolewa. Kwa Hopton mwaka 1641 ulikuwa umetimiza kazi. Kilichofuata, kuwaondoa maaskofu, kuchukua jeshi, kuwapelekea raia malalamiko yaliyochapishwa badala ya kumpelekea mfalme, hakikuwa na mfano katika sheria aliyoijua.

Charles alipoingia bungeni na askari tarehe 4 Januari 1642 kukamata wabunge watano, Hopton alikuwa mmoja wa wachache waliojaribu kumtetea. Machi alisimama kupinga tamko kali dhidi ya mfalme, na Baraza likampeleka Mnara wa London kwa maneno aliyoyasema ndani ya ukumbi wenyewe. Bunge lililokuwa likilalamika kwamba mfalme anafunga wabunge kwa hotuba zao, sasa linafunga. Jambo hilo lilimkaa Hopton rohoni. Agosti walimfuta ubunge kabisa.

Fundi Baruti

Tuingie kwenye kuandikisha jeshi, maana hapo ndipo mpango wa kwanza wa mfalme ulipokwama Somerset, na sababu zake zinafahamika.

Charles hakuwa na jeshi la kudumu wala Bunge la kumpa fedha. Wanasheria wake wakafukua kabatini hati ya kale ya kuita watu wenye silaha, yenye mizizi katika sheria ya mwaka 1404 enzi za Henry IV. Kila kaunti ilipelekewa karatasi ya ngozi yenye muhuri mkuu, majina ya makamishna, na amri ya kukusanya watu. Markizi wa Hertford alipewa kaunti za magharibi, Hopton akiwa mkono wake wa kulia. Walikaa Wells mwishoni mwa Julai 1642.

Matatizo yalikuwa matatu. Hati iliandikwa Kilatini, kwa hiyo upande wa pili uliitafsiri kwa wanakijiji jinsi ulivyotaka: kwamba kila mtu atanyang'anywa mali yake. Pili, ilionekana mpya kwa kuwa ni ya zamani mno, hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona ikitumika. Tatu, Somerset kaskazini ni nchi ya wafuma nguo, watu wa vipato vyao wenyewe na madhehebu makali ya Kiprotestanti, wasiomtegemea bwana wa shamba kwa mkate. Hopton alipokwenda Shepton Mallet tarehe 1 Agosti kuisoma sokoni, alikuta umati umeletwa kumpinga na nusura damu imwagike. Siku chache baadaye maelfu walijikusanya juu ya vilima vya Mendip, na Hertford akalazimika kuhama Wells.

Kosa la kiufundi: walikwenda mjini kwanza. Hati kama ile ilihitaji isomwe na sherifu, kwenye kaunti ambayo mabwana wake wamekubaliana. Hopton alilijua hilo mwezi mmoja baadaye.

Mzee Karani

Na hapo ndipo Cornwall. Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika maisha yake.

Mwisho wa Septemba 1642 Hertford alivuka bahari kwenda Wales. Hopton na wapanda farasi wasiofika 200 wakaelekea magharibi, wakavuka mto Tamar. Watu wa Bunge ndani ya Cornwall, wakidhani wanamaliza mambo kwa karatasi, walifungua shitaka mahakamani dhidi ya "watu kadhaa wasiojulikana" walioingia kaunti na silaha kuvunja amani.

Hopton angeweza kupuuza. Alikwenda mahakamani mwenyewe. Alisimama mbele ya baraza la waamuzi wa raia, akatoa hati yake ya uteuzi iliyotoka kwa Hertford, ambaye naye alikuwa na hati ya mfalme, akaeleza kwamba ametumwa kuwalinda. Waamuzi wakamwachia huru, na zaidi ya hapo wakamshukuru mfalme kwa kumtuma. Palepale likafunguliwa shitaka la pili, safari hii dhidi ya Sir Alexander Carew, Sir Richard Buller na wenzao kwa mkusanyiko haramu pale Launceston. Waamuzi wakaona wana kesi ya kujibu. Sherifu akaamriwa aite nguvu ya kaunti kuwatawanya, na watu kama 3,000 wakaja.

Jeshi zima limepatikana kwa uamuzi wa mahakama. Kwa mkulima wa Cornwall hii ilikuwa na uzito ambao hati ya Kilatini haikuwa nao: sherifu wake, waamuzi aliowajua kwa majina, utaratibu aliouzoea.

Fundi Baruti

Ila nguvu ya sherifu ina mpaka, mkuu, na tuuseme. Mpaka wake ni mto Tamar. Mgambo waliwafukuza adui hadi mwisho wa kaunti, na walipoambiwa waingie Devon walirudi makwao. Sheria ileile iliyowaita iliwaruhusu.

Ndipo mabwana watano wakaunda rejimenti tano za hiari za askari wa miguu: Sir Bevil Grenville, Sir Nicholas Slanning, John Trevanion, William Godolphin na Lodi Mohun. Kila mmoja aliwaita wapangaji na majirani zake, akawavalisha na kuwalisha. Grenville peke yake alijitia madeni makubwa. Hao ndio Wakornwall waliotisha majeshi mwaka mzima wa 1643.

Fedha na silaha zilitoka wapi? Bati. Cornwall ilichimba bati, Sir Francis Basset akalipeleka Ufaransa kubadilishwa na bunduki na baruti. Halafu Januari 1643 dhoruba ikasukuma meli tatu za Bunge hadi bandari ya Falmouth, zikiwa na silaha na fedha, zikakamatwa. Siku mbili baadaye, tarehe 19 Januari, Hopton alishinda Braddock Down na kuchukua mateka zaidi ya 1,200. Askari waliokwenda pale walikuwa wamelipwa, na hilo linaeleza mengi.

BintiMakorora

Fundi, tupe Stratton kwa undani. Wengi huandika "walipanda kilima wakashinda" basi.

Fundi Baruti

Stratton, kaskazini ya Cornwall, Jumanne tarehe 16 Mei 1643.

Earl wa Stamford, kamanda wa Bunge, alikaa juu ya kilima na askari wa miguu kama 5,400, mizinga 13. Wapanda farasi wake wengi alikuwa amewatuma Bodmin, kwa hiyo hakuwa nao siku hiyo. Hopton alikuwa chini na askari wa miguu 2,400 na wapanda farasi 500. Jeshi lake lilikuwa na njaa. Posho ya mwisho ilikuwa biskuti moja kavu kwa kila mtu.

Aligawa watu wake vikundi vinne vya kama 600, kila kimoja na mizinga miwili midogo, kila kimoja na njia yake ya kupanda, wapanda farasi wakibaki nyuma kama akiba. Walianza saa 11 alfajiri. Vichochoro vyenye kuta za udongo na vichaka viliwasitiri, lakini pia viliwazuia kupanda kwa haraka, na saa baada ya saa walifyatuliana bila upande wowote kusogea.

Saa 9 alasiri Hopton akaletewa taarifa: mapipa manne tu ya baruti yamebaki. Hapa kuna uamuzi wa kusoma mara mbili. Aliwaficha askari habari hiyo, akaamuru vikundi vyote vipande bila kufyatua risasi hadi vifike kileleni, kwa mikuki mirefu na panga. Kwa nini ilifanya kazi? Gobore la utambi la wakati ule mtu hulijaza kwa hatua nyingi: baruti kutoka kwenye kichupa cha mbao (askari alibeba kama 12 kwenye mkanda), risasi, fimbo ya kushindilia, baruti laini kwenye kisahani, kisha utambi. Mtu anayetembea haraka na mkuki wa futi 16 anaweza kumfikia mjazaji kabla hajamaliza mara mbili. Ukisimama kujibizana naye, idadi inaamua. Ukiendelea kutembea, idadi haina nafasi.

Kamanda wa adui kijana, James Chudleigh, aliliona hilo. Akateremka na mikuki yake akakigonga kikundi cha Grenville hadi Grenville akaangushwa chini. Shambulio zuri, ila hakuna aliyelifuata nyuma. Sir John Berkeley akalizunguka na wenye bunduki, Chudleigh akakamatwa. Katikati ya saa 9 na saa 10 vikundi vinne vikakutana kileleni.

Mateka 1,700, mizinga yote 13, na mapipa 70 ya baruti. Kutoka manne hadi 70 kwa saa moja. Septemba mwaka huo mfalme alipompa ulodi, cheo kilikuwa Baron Hopton wa Stratton.

Msafiri_Kigoma

Na Waller je? Umetuambia tushike jina.

Kalamu ya Magharibi

Waller sasa ni jenerali wa Bunge upande wa magharibi. Juni 1643 majeshi yao yalikaribiana pale Mendip, maili chache kutoka nyumbani kwa Hopton. Hopton akamwandikia rafiki yake wa zamani akiomba wakutane wazungumze. Waller alijibu tarehe 16 Juni kutoka Bath. Barua ipo hadi leo. Anakataa kukutana. Anasema upendo wake kwa Hopton haubadiliki, kwamba Mungu anajua anavyoichukia vita hii isiyo na adui, lakini ameshika upande wake na lazima kila mmoja atimize sehemu aliyopewa, kwa heshima na bila chuki binafsi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Julai, walipigana Lansdown juu ya Bath. Kati ya wapanda farasi kama 2,000 wa upande wa mfalme walibaki uwanjani kama 600. Wakornwall waliomba wenyewe waruhusiwe kupanda kuifuata mizinga, na Grenville akauawa pale juu akiongoza mikuki. Usiku pande zote zilikuwa zimechoka, zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mawe. Waller aliondoka kimyakimya, akaacha tambi zinazowaka zimetundikwa ukutani ili moto wake mwekundu uonekane kama wa askari wanaolinda.

Asubuhi iliyofuata Hopton alikuwa karibu na gari la baruti, mateka wakiwa wamekalishwa juu yake. Mateka walikuwa na moto wa kuwashia tumbaku. Gari likalipuka. Hopton aliungua uso, hakuona, hakuweza kusogea. Walimbeba. Na sehemu kubwa ya baruti ya jeshi ilikwisha pale.

Fundi Baruti

Na ndiyo maana Devizes ni somo la ugavi. Walirudi nyuma hadi mji huo, Waller akawazingira. Tarehe 10 Julai usiku wapanda farasi walipenya kwenda Oxford kuomba msaada. Hopton alibaki na askari wa miguu, akiamuru mji kutoka kitandani.

Taarifa ikaja: utambi umebaki ratili 150. Utambi ni kamba ya kitani au katani iliyochemshwa kwa maji ya shura. Askari wa zamu lazima auache ukiwaka muda wote, afyatue asifyatue, kwa hiyo kuzingirwa hula utambi kuliko hata vita vya uwanjani. Baruti bila utambi ni unga mweusi tu.

Hopton akaamuru kila nyumba itoe kamba za vitanda. Vitanda vya Waingereza wakati ule vilisukwa kamba kwenye fremu ya mbao, mtindo uleule wa vitanda vya kamba tunavyovijua. Zikapondwa zilainike, zikachemshwa usiku kucha, na kulipokucha kulikuwa na zaidi ya ratili elfu moja za utambi unaowaka.

Tarehe 13 wapanda farasi kama 1,800 walirudi kutoka Oxford na kuliangamiza jeshi la Waller juu ya Roundway Down. Ndani ya mji walisikia mizinga, lakini baraza la vita lilichelewa kutoka likihofia ni mtego. Waliposhawishika wakatoka, wakakuta askari wa miguu wa Waller wameachwa peke yao.

Mzee Karani

Baada ya hapo mambo yanageuka, nitapita haraka. Bristol ilitekwa tarehe 26 Julai 1643, Slanning na Trevanion wote wakajeruhiwa na kufa. Mara ugomvi: Hertford alimteua Hopton kuwa gavana, wakati Prince Rupert, mpwa wa mfalme, alikuwa amejiombea cheo hicho kwa mfalme. Hopton alikubali kuwa naibu wa Rupert ili wakubwa wasigombane. Desemba 13, Waller aliishambulia Alton baada ya mwendo wa usiku, Kanali Boles wa upande wa mfalme akafia kanisani. Machi 29, 1644, pale Cheriton, Sir Henry Bard wa jeshi la Hopton alishuka kushambulia bila amri, rejimenti yake ikamezwa, na mpango wa kukaa juu na kungoja ukaharibika. Wakornwall wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa. Askari wapya hawakumjua Hopton, na wapangaji wa Grenville wasingepatikana tena.

Januari 1646 mwana wa mfalme alimpa jeshi la magharibi lililokwisha kuoza: wapora mali, hawatii, hawalipwi. Sir Richard Grenville, mdogo wake Bevil, alikataa kutumika chini yake akafungwa. Hopton alisema wazi kwamba anayeipokea kazi hiyo anaipoteza heshima yake, kisha akaipokea kwa sababu aliyeamuru ana haki ya kuamuru. Februari 16 Fairfax, jenerali wa Bunge, alimvunja Torrington. Kanisa lililohifadhi mapipa 80 hivi ya baruti lililipuka na mateka 200 wakafa ndani yake. Hopton alijeruhiwa uso na farasi wake akauawa chini yake. Katikati ya Machi, karibu na Truro, jeshi likasalimu amri. Kila mpanda farasi wa kawaida alitoa farasi na silaha akapewa shilingi 20 za kwendea nyumbani.

Mpima Viwanja

Sasa mali. Mabwana wengi wa mfalme waliokoa mashamba yao, Hopton hakuweza, na tofauti iko kwenye utaratibu.

Amri ya Bunge ya tarehe 27 Machi 1643 ilikamata mapato ya kila aliyebeba silaha upande wa mfalme. Kamati ya kaunti ilikusanya kodi za wapangaji wake. Mke na watoto waliweza kuruhusiwa hadi moja ya tano, kama mke mwenyewe hakuwa na hatia.

Aliyetaka kukomboa mali alikwenda London, kwenye ukumbi wa chama cha masonara, Goldsmiths' Hall, ilipokaa kamati. Alitoa ombi, akaapa, akaambatanisha orodha ya kila shamba, kinu na nyumba, na pato lake la mwaka kabla ya vita. Madeni yaliyothibitishwa yalipunguzwa. Ardhi huru ilithaminiwa kwa pato la miaka 20. Mwenye pauni 200 kwa mwaka alihesabiwa ana pauni 4,000. Faini ya sehemu ya kumi ni pauni 400, yaani pato la miaka miwili. Viwango vilipanda: moja ya sita, moja ya tatu, na kwa mbunge aliyeliacha Bunge hadi nusu. Sehemu ya kwanza ilipolipwa, shamba lilifunguliwa.

Palipoharibika mara nyingi ni kwenye orodha. Mtu akificha shamba dogo au akishusha pato, jirani humchongea apate zawadi, na faini mpya huja juu ya ile ya zamani. Wengine waliuza msitu wote wa miti ya mialoni ili kulipa, au walikopa kwa riba na kupoteza ardhi kwa mkopeshaji baada ya kuiokoa kwa Bunge.

Hopton hakuufikia hata mlango huo. Masharti ya amani ambayo Bunge lilimpelekea mfalme Julai 1646 yalimtaja kwa jina kati ya wasiotakiwa kusamehewa. Kwa watu wa orodha hiyo hapakuwa na faini ya kulipa.

BintiMakorora

Tahadhari kwa wanaotafuta habari zake zaidi, kuna mitego mitatu.

Msimchanganye na Sir Arthur Hopton, baba yake mdogo, aliyekuwa balozi Hispania. Ngome ya Hopton Castle kule Shropshire, ambako askari waliosalimu waliuawa mwaka 1644, haihusiani na familia hii. Na tarehe: Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo hati za wakati huo zinaiandika Torrington "Februari 1645". Tena kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 10 kulinganisha na bara, ndiyo maana kifo chake Bruges huandikwa kwa tarehe tofauti.

Msafiri_Kigoma

Aliishije uhamishoni? Alirudi?

Kalamu ya Magharibi

Hakurudi akiwa hai. Alipitia visiwa vya Scilly na Jersey, kisha bara. Mkewe Elizabeth, waliyeoana 1623, alifariki 1646, na hawakuwa na mtoto. Jersey alikaa na Edward Hyde, mbunge mwenzake wa 1640, akamwandikia kumbukumbu za vita vya magharibi kwa utaratibu wa afisa: tarehe, idadi, nani alikuwa kushoto, mapipa mangapi. Takwimu nyingi za Stratton tunazo kwa sababu ya kurasa hizo.

Charles wa pili alipokubali mwaka 1650 kula kiapo cha Waskoti cha kulibadilisha Kanisa, Hopton alikuwa kati ya waliopinga, na akawekwa kando. Alimtii mfalme, lakini hakukubali kwamba mfalme anaweza kuapa kulivunja Kanisa lililowekwa na sheria. Ni mtu yuleyule wa 1642.

Alikufa kwa homa mjini Bruges, Septemba 1652. Ulodi wa Stratton ulikufa naye. Baba yake mdogo, aliyetajwa kuurithi, alikuwa ametangulia mwaka 1650. Baada ya ufalme kurudi mwaka 1660, mwili wake ulisafirishwa hadi Somerset ukazikwa Witham Friary.